Injini Haihami Peke Yake

SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Kuhamisha mitambo na kubadili mipira ya mafuta iliyozeeka



Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumza juu ya hisa, makisio, malipo ya awali na malipo ya pili. Hayo ni mambo ya ofisini. Leo naomba tutoke ofisini, tupite penye mzani, tuingie katika chumba ambacho wakaguzi wengi hukipita upesi kwa sababu ya kelele na masizi, yaani chumba cha injini.

Somo hili linavihusu vyama vyetu vya miteremko ya Mwika vyenye mtambo wa kumenya kahawa mbivu, na vile vile vyama vyenye mashine ya kusaga nafaka, pampu ya maji au jenereta. Kila injini ya dizeli au petroli ina mipira inayopitisha mafuta. Mpira huo ni kitu kidogo, hauandikwi katika orodha ya mali, wala hautajwi katika mkutano mkuu. Hata hivyo unaweza kuunguza kila kilichoandikwa katika orodha hiyo.

Baada ya kulisoma somo hili, mwanachama anatarajiwa aweze:
(a) kueleza mafuta yanavyosafiri kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini;
(b) kuutambua mpira uliozeeka kabla haujaleta madhara;
(c) kusimamia uhamishaji wa mtambo bila kuacha hatari nyuma yake;
(d) kuweka kumbukumbu ambayo mkaguzi, fundi na wanachama wote wataweza kuisoma.

1. KISA KILICHONIFUNZA

Nitaanza kwa kisa, nacho hakinipi sifa.

Chama kimoja katika miteremko hii, ambacho sitakitaja, kilihitaji nafasi ya kupanua ghala. Bodi ikaamua injini ihamishwe hatua nne hivi, kutoka ukuta mmoja wa banda hadi ukuta wa pili, karibu na mfereji unaopeleka maji kwenye matangi ya kuvundikia kahawa. Injini ikahamishwa. Tangi la dizeli likaachwa palepale juu ya ukuta wa zamani, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba nalo ni sehemu ya injini.

Mpira wa zamani haukufika. Fundi akatafuta kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, akakiunga kwa kipande cha bomba, akafunga pande zote kwa waya. Mpira ukapita juu ya bomba la moshi ukaifikia injini. Injini ikawaka, wajumbe wakapiga makofi, fundi akalipwa.

Mwezi wa Juni nilifika kukagua vitabu. Niliiona injini mahali pake papya, nikaiwekea alama katika orodha ya mali: ipo, inafanya kazi. Nilinusa dizeli. Nilijisemea kwamba chumba cha injini hakiwezi kunukia waridi, nikarudi kwenye leja.

Msimu ulipopamba moto, jioni moja wanachama walileta kahawa mbivu nyingi. Kila mkulima wa huku anajua kwamba kahawa iliyochumwa leo haina budi kumenywa leo, kwani ikilala katika magunia hupata joto, huanza kuchacha, na ubora wake hupotea. Injini ilifanya kazi kwa muda wa saa moja hivi. Ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazimika. Walipoiwasha tena ilizimika tena. Mpira ule wa bustani ulikuwa umelainishwa na dizeli hata ukajikunja kwenye kona na kuziba njia. Tena, palipofungwa kwa waya palikuwa pakivuja tone baada ya tone, na dizeli ikitiririka sakafuni kuelekea kwenye mfereji.

Usiku ule waliokuwa na mashine za mkono nyumbani walijitwika kahawa yao wakarudi nayo vihambani. Waliokuwa hawana waliiacha hadi mchana wa siku ya pili. Asubuhi, maji ya kuoshea kahawa iliyowahi kumenywa yalionekana yana utando wenye rangi kama za upinde wa mvua. Ilikuwa dizeli. Fungu lile likatengwa, na halikupata bei ya daraja lake.

Nilipoitwa, mama mmoja mzee aliinuka katika kikao akaniuliza kwa upole: "Bwana Mkaguzi, mwanangu, ulipokuja mwezi wa Juni uliihesabu injini yetu. Je, hukuinusa?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu zaidi ya somo hili.

2. SAFARI YA MAFUTA

Ili tuelewe kosa lilikuwa wapi, na tuyafuate mafuta tangu mwanzo.

Katika injini ya dizeli ya kawaida, mafuta hutoka katika tangi, hupita koki, huingia katika mpira, hufika kwenye chujio, kisha huenda kwenye pampu ya nozeli. Pampu huyasukuma kwa nguvu kubwa sana kupitia bomba la chuma hadi kwenye nozeli, ambayo huyapuliza ndani ya silinda kama ukungu. Mafuta machache yanayobaki kwenye nozeli hurudishwa, aghalabu kwa mpira mwembamba, hadi kwenye tangi au chujio. Huo tutauita mpira wa marejeo. Watu wengi huusahau, wakabadili mpira wa kuleta na kuuacha ule wa kurudisha. Yafaa mipira yote miwili ibadilishwe siku moja.

Kati ya pampu na nozeli pasiwekwe mpira kamwe. Hapo ni mahali pa bomba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena mtu asitafute mvujo wa hapo kwa kidole, kwa sababu mafuta yatokayo kwa nguvu ile huweza kupenya ngozi. Aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la mwiba.

Jambo la pili la kuelewa ni mahali pa tangi. Tangi likiwa juu ya injini, mafuta hushuka kwa uzito wake yenyewe. Mpira ukipasuka hapo, mafuta hayakomi mpaka mtu afunge koki au tangi lote liishe. Tangi likiwa chini ya injini, mafuta huvutwa na pampu. Mpira ukipata ufa katika sehemu hiyo ya kuvuta, huenda usionekane tone lolote, kwa maana badala ya mafuta kutoka, hewa huingia. Injini hukohoa, hupandisha na kushusha mwendo, huzimika, na kuiwasha asubuhi huwa taabu. Kwa hiyo sakafu kavu si ushahidi kwamba mpira ni mzima.

Jambo la tatu ni tofauti ya mafuta yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi yetu ya Mwika. Dizeli ni pole zaidi, kwani haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Upole huo ndio uliowadanganya wengi. Bomba la moshi la injini iliyoelemewa na kazi lina joto kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Dizeli ikidondoka au ikirukia juu yake huweza kuwaka bila kiberiti. Katika kisa nilichokieleza, mpira ulipita juu ya bomba la moshi, na banda lilikuwa na nguzo za mti. Kwamba hatukuwa na msiba ni rehema ya Mungu, wala hatuwezi kujisifu kwa hilo.

3. DALILI ZA MPIRA ULIOZEEKA

Mpira huzeeka kama kiumbe. Huzeeshwa na joto la injini, na jua, na mtikisiko, na mafuta yenyewe yanayopita ndani, hata na miaka tu ukiwa umekaa dukani. Dalili zake ni hizi:

(a) Ugumu. Mpira mzima hupindika kwa vidole. Uliozeeka hukakamaa kama kijiti.
(b) Nyufa. Uukunje taratibu mahali penye kona, na karibu na miisho. Ukiona mistari midogo kama ya udongo uliokauka, muda wake umekwisha.
(c) Kulainika na kuvimba. Mpira unaobonyea kama ndizi iliyoiva sana umelika na mafuta, au haukuwa mpira wa mafuta tangu mwanzo.
(d) Unyevu na vumbi. Penye kiungo kinachovuja, vumbi hugandamana na kuwa tope jeusi. Pangusa leo, utazame kesho. Likirudi, pana mvujo.
(e) Harufu. Chukua kitambaa safi cheupe, usugue mpira kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unuse kitambaa mbali na injini. Kikinuka mafuta ilhali hakuna tone lililoonekana, mafuta yanapenya ngozi ya mpira.
(f) Tabia ya injini. Kuzimika bila sababu, viputo vya hewa kwenye chujio, au nguvu kupungua kazi inapozidi.

Ipo pia dalili iliyofichika. Mipira mingine huharibika ndani kwanza. Utando wa ndani hubanduka, ukawa kama kifuniko kinachofunga na kufungua njia ya mafuta. Kwa nje mpira unang'aa, lakini injini haipati mafuta. Kwa sababu hiyo macho peke yake hayatoshi, hatuna budi kuhesabu na miaka. Kitabu cha mtambo kikitaja muda wa kubadili mipira, kifuatwe. Kama kitabu kimepotea, chama kijiwekee kanuni. Ushauri wangu ni kwamba mpira wa mafuta usipite miaka 5 kazini, hata ukionekana mzuri, na ubadilishwe siku ileile dalili yoyote kati ya hizi inapoonekana.

4. KABLA YA KUHAMISHA MTAMBO

Ndugu wanachama, sasa twafika kwenye kiini cha somo. Kosa la chama kile halikuanza kwa fundi. Lilianza katika kumbukumbu za Bodi, palipoandikwa sentensi moja tu: "Injini ihamishwe." Sentensi hiyo haikusema tangi liende wapi, mpira upite wapi, moshi utokee wapi, wala nani atalipia tofauti. Fundi aliyaamua hayo yote peke yake, kwa vifaa alivyovikuta.

Injini haihami peke yake. Huhama na tangi lake, mipira yake, bomba lake la moshi, mkanda wake na msingi wake. Kwa hiyo kabla ya uamuzi, Bodi (ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Kamati) ijibu maswali haya, na Katibu ayaandike pamoja na majibu yake:

Kwanza, mahali papya pako umbali gani na kahawa? Kahawa hunyonya harufu upesi. Injini na mafuta visikae chumba kimoja na ghala la kahawa kavu, wala moshi usielekezwe kwenye vichanja. Sakafu ya injini iinamie upande usio wa mfereji, na chini ya tangi na chujio kuwe na sinia la kukinga matone. Tukumbuke kwamba maji yetu ni ya mifongo. Kinachoingia katika mfongo kwetu hunywewa na jirani wa chini.

Pili, tangi litakaa wapi, na koki yake itafikiwa vipi? Siku ya moto hakuna atakayeweza kupitisha mkono juu ya injini inayowaka. Koki iwe mahali ambapo mtu aliyesimama mlangoni aweza kuifunga.

Tatu, mpira mpya utakuwa na urefu gani? Njia yake ipimwe kwa kamba, si kwa macho. Uende kwa mkunjo mpana, usivutike wala usijikunje, usipite juu ya bomba la moshi wala karibu nalo, usisuguane na puli au mkanda. Mahali unapopita tundu la ukuta au la bati, tundu liwekewe kipete cha mpira ili lisiukate. Uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana kila kiungo ni mlango wa mvujo.

Nne, kazi itafanyika lini? Mavuno yetu kwa kawaida huanza kama Julai na kuendelea hadi karibu na Desemba, huku sehemu za chini zikitangulia. Zege la msingi huchukua takriban siku 28 kufikia nguvu yake kamili. Atakayengoja hadi mwisho wa Juni atalazimika ama kuiwasha injini juu ya zege bichi ama kuikosa mwanzo wa msimu. Wakati wa kazi hii ni kipindi cha masika, mtambo ukiwa umelala. Yafaa basi fedha zake ziingizwe katika makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu wa mwaka kabla ya msimu, pasiwe na kukimbizana na dharura.

Tano, gharama yote ni kiasi gani? Hapa ndipo vyama hujidanganya. Huweka fedha za kubeba injini na za saruji, vikasahau mpira, klipu, chujio jipya na mikono ya fundi kwa siku ya pili. Katika kisa changu, bei ya mpira halisi na klipu zake haikufikia thamani ya madebe machache ya kahawa mbivu. Kilichopotea usiku mmoja kilikuwa zaidi ya hapo mara nyingi.

5. KUNUNUA MPIRA

Fundi asitumwe dukani kwa maneno ya "lete mpira." Katibu amwandikie hati ya manunuzi inayotaja mambo manne: aina ya mafuta, kipenyo cha ndani, urefu, na idadi ya klipu.

Mpira wa mafuta halisi huwa umepigwa chapa ubavuni. Chapa hiyo hueleza kiwango cha utengenezaji, na mara nyingi mwaka uliotengenezwa. Mpira usio na maandishi yoyote usinunuliwe. Mpira wa bustani, mpira wa kupimia maji wa mafundi uashi, na ule wa plastiki nyeupe unaoonyesha ndani si mbadala. Wa kwanza hulainika, wa mwisho hugeuka manjano na kukakamaa.

Kipenyo cha ndani kilingane na mdomo wa bomba unapoingia. Mpira mpana ukibanwa kwa nguvu hufanya mikunjo na kuvuja, na mwembamba huinyima injini mafuta. Klipu ziwe za skrubu, zisizoshika kutu. Waya usitumike, kwa sababu hukata mpira taratibu kama uzi ukatao sabuni.

Mipira ya namna hii hupatikana katika maduka ya vipuri. Pasipokuwa nayo Mwika sokoni, gari la kwenda Himo au Moshi mjini ni safari ya siku moja. Chama kisikubali kuambiwa "tuweke hiki kwa muda." Katika ukaguzi wangu nimeona mengi ya "kwa muda" yaliyodumu kuliko mtambo wenyewe.

6. SIKU YA KAZI

Kazi ifanywe na fundi anayefahamika, akisimamiwa na mjumbe mmoja wa Bodi aliyeteuliwa kwa jina katika kumbukumbu. Utaratibu ni huu:

1) Injini ipoe kabisa. Pasiwe na sigara, jiko wala taa ya moto katika banda, na milango iwe wazi.
2) Kizimamoto cha unga na ndoo za mchanga viwe karibu. Dizeli au petroli iwakapo, isimwagiwe maji, kwani maji huyasambaza mafuta pamoja na moto.
3) Koki ifungwe na mafuta yatolewe tangini, yapimwe na kuandikwa. Nayo ni mali ya chama.
4) Mipira ya zamani ifunguliwe, na kila mdomo uliobaki wazi uzibwe kwa kitambaa safi au kifuniko. Chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu pampu ya nozeli.
5) Tangi lioshwe ndani. Maji na matope yaliyokaa chini ya tangi kwa miaka yatatikiswa na safari, nayo yataziba chujio jipya siku ya kwanza.
6) Injini ifungwe kwenye msingi wake mpya. Puli ya injini na puli ya mtambo zinyooshwe kwa uzi uliovutwa kutoka moja hadi nyingine. Zikipishana, mkanda utaruka au utalika.
7) Mipira mipya ifungwe, wa kuleta na wa marejeo. Fundi aingize klipu kwenye mpira kabla ya kuuvalisha, na mwisho wa mpira upite mdomo wa bomba vya kutosha ili klipu ikae juu ya chuma.
8) Chujio jipya liwekwe, kisha hewa itolewe. Koki ifunguliwe, skrubu ya hewa kwenye chujio ilegezwe hadi mafuta yatoke bila viputo, ikazwe, halafu vivyo hivyo kwenye pampu.
9) Injini iwashwe bila mkanda kwa muda, kisha na mkanda, kisha na kahawa au mzigo. Baada ya kila hatua viungo vyote vipanguswe na kutazamwa.
10) Mipira ya zamani ikatwe vipande mbele ya msimamizi. Ikihifadhiwa, kuna siku itarudi kazini.

Baada ya saa chache za kazi klipu zikazwe tena kidogo, maana mpira mpya hujikalia. Fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ya hatua hii kukamilika.

7. MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliokuwapo vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982, wanajua uzito wa orodha ya mali wakati mali inapobadili mikono. Lakini orodha inayosema "injini 1" haitoshi. Inaeleza kwamba injini ipo, haielezi iko katika hali gani.

Nashauri kila mtambo uwe na kadi yake, ibandikwe ndani ya mlango wa banda, na nakala yake ikae ofisini. Kadi iwe na safu hizi: tarehe, kazi iliyofanyika, kifaa kilichobadilishwa na chapa yake, jina la fundi, jina la msimamizi, tarehe ya kutazamwa tena. Kwa mpira wa mafuta iandikwe tarehe ya kufungwa na mwaka wa mwisho wa kutumika. Mwendesha mtambo apanguse mipira kwa kitambaa kila wiki ya msimu na kutia sahihi.

Kadi hiyo itakuwa na faida tatu. Bodi mpya ikichaguliwa haitaanza gizani. Mkutano mkuu ukiuliza kwa nini kuna fungu la matengenezo, Katibu atakuwa na jibu mkononi. Na mkaguzi atakayekuja, awe mimi au mwingine, hatapata udhuru wa kuweka alama bila kunusa.

8. NENO KWA WAVUVI

Wapo ndugu zetu wenye mashua za injini katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na vikundi vyao hutuuliza mara kwa mara kama masomo haya yanawafaa. Jibu ni kwamba yanawafaa, tena wao wana hatari zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika banda letu lenye milango wazi waweza kutoka, lakini katika mashua hushuka na kukaa chini kama maji katika bakuli, ukingoja cheche moja. Mtu wa banda hukimbilia nje, na mvuvi hana nje ila majini.

Kwa hiyo mvuvi anayehamisha tangi kutoka nyuma kwenda mbele ili mashua ikae sawa, au anayebadili mahali pa betri, anunue mpira mpya wa urefu mpya. Asiunge wa zamani. Betri na nyaya zake zikae mbali na tangi, mpira usikanyagwe wala kukaliwa na nyavu, na kila siku kabla ya kuwasha injini ainame anuse chini ya mbao za sakafu. Akinusa petroli, asiwashe mpaka mvujo uonekane na mvuke utoke.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1) Je, kuna mwanachama yeyote katika chama chenu anayejua mipira ya mafuta ya mtambo wenu ilifungwa mwaka gani? Kama hakuna, nani atapewa kazi ya kuichunguza, na lini?
2) Tangi lenu liko juu au chini ya injini? Mpira ukipasuka usiku wa leo, nini kitatokea, na nani ataifikia koki?
3) Dizeli ikimwagika katika banda lenu, itatiririkia wapi? Fuateni mteremko kwa ndoo ya maji, muone.
4) Katika kisa kilichoelezwa, gaweni lawama kati ya Bodi, Katibu, fundi na mkaguzi. Kisha semeni kila mmoja angefanya nini, kwa gharama gani, ili jambo lile lisitokee.
5) Chama chenu kina fungu la matengenezo katika makisio? Likiwapo, lilitumiwa kwa matengenezo?

HITIMISHO

Ushirika wetu wa Kilimanjaro ulianza kwa wakulima walioungana mwaka 1925, ukawa chama kikuu mwaka 1933, kwa imani kwamba kidogo cha kila mmoja kikiunganishwa huwa kikubwa. Kanuni hiyo hufanya kazi kwa kheri na kwa shari pia. Tone la dizeli likiunganishwa na tone jingine kwa msimu mzima huifikia kahawa ya kila mwanachama, hata ya yule aliyechuma punje nyekundu tupu na kuzileta mapema.

Ndugu Katibu, ukimaliza kusoma ukurasa huu, chukua kitambaa cheupe uende kwenye banda la injini. Sugua mpira, unuse, uandike tarehe. Yule mama mzee aliyeniuliza swali bado huleta kahawa yake chamani kila msimu. Nami kila niingiapo katika banda la mtambo, kabla ya kufungua leja, hutangulia kunusa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Mwika